Kalamu nyekundu kwenye kanzidata: shajara ya mradi wa kumbukumbu za matokeo

5 Februari 2024

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa masjala, pamoja na onyo kwamba kitasa chake hakitaki haraka. Kwa asiyeujua mradi huu: ni wa shahada yangu ya umahiri ya sayansi ya kompyuta, katika chuo kimoja hapa Morogoro ambako pia nimeajiriwa kitengo cha TEHAMA. Kazi ina nusu mbili. Ya kwanza ni kutunza matokeo ya wanafunzi wote tangu 1994, kwa namna ambayo atakayeyakuta miaka thelathini ijayo atayaamini. Ya pili ni kuyaonesha kwenye skrini kwa watu watatu ambao kila mmoja anatafuta lake: mwanafunzi anauliza kama amefaulu, msajili anauliza nani hajakamilisha nini, na mwajiri anauliza kama karatasi aliyoletewa ni halali au imechongwa mtaani.

Idara ilinishauri nichukue nusu moja tu. Nimeng'ang'ania zote mbili kwa sababu makosa mengi niliyoyaona kazini huzaliwa pale zinapokutana.

Hali ilivyo: leja za mkono kuanzia 1994 hadi 2008, majalada ya kitambaa, migongo imeshikwa na selotepu. Mafaili ya Excel kuanzia 2009 hadi 2015, mengine yameitwa "matokeo mwisho", "matokeo mwisho 2" na "matokeo mwisho kabisa". Kuanzia 2016 kuna mfumo wa kununuliwa ambao aliyeuuza siku hizi hapokei simu. Mchwa wamekula pembe ya leja ya 1997; bahati, upande wa majina ya kozi, alama zimepona.

7 Februari

Siku nzima masjala. Mama anayesimamia masjala alianza kazi hapa kabla leja ya kwanza haijafunguliwa na anastaafu mwakani. Nilimwamkia, akaniitikia bila kuinua macho, akaniuliza, "Wewe ndiye unayekuja kututoa kwenye leja?"

Nikamwomba anioneshe ukurasa wenye kosa lililorekebishwa. Akafungua leja ya 2001 moja kwa moja, kama mtu anayejua sukari iko kopo gani. Alama 47 imekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, bado inasomeka vizuri. Juu yake imeandikwa 74. Pembeni kuna tarehe, saini mbili na maneno manne: "Ilinukuliwa vibaya, angalia skripti."

"Kwa nini hamkufuta tu?" nikauliza.

"Mwanangu, humu hakuna kufuta. Ukifuta, mkaguzi akija atakuuliza ulikuwa unaficha nini."

Nimepiga picha ukurasa ule na kuubandika ukutani juu ya meza yangu.

14 Februari

Nimefungua kanzidata, yaani ghala la taarifa, ya mfumo wa 2016. Jedwali la matokeo lina safu tano: namba ya usajili, msimbo wa kozi, mwaka, alama, daraja. Basi. Ofisa akibadili 47 kuwa 74, 47 inatoweka. Haijulikani nani kabadili, lini, wala kwa nini. Tumenunua mashine ya gharama kubwa ikatuondolea kitu tulichokuwa nacho kwa bei ya kalamu ya mia tano.

Uamuzi wa leo, na ndio utakaobeba mradi wote: hakuna kubadili mstari wa matokeo. Kila marekebisho ni mstari mpya unaotaja ule unaoukata, ukiwa na jina la aliyeingiza, jina la aliyeidhinisha, muda na sababu. Mtumiaji wa kanzidata anayetumiwa na programu ninamnyang'anya kabisa ruhusa ya kufuta na kubadili. Anaweza kuongeza na kusoma tu.

Na ili mwenye nywila kuu ya seva asije akachezea mistari usiku, kila mstari unabeba alama ya kidole ya mstari uliotangulia, iliyokokotolewa kwa SHA-256, kanuni ya hesabu inayogeuza maandishi yoyote kuwa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Ukigusa herufi moja kwenye mstari wa 2019, alama yake inabadilika yote, haifanani tena na ile iliyonukuliwa na mstari unaofuata, na mnyororo unaonekana ulipokatikia. Kila Ijumaa alama ya mstari wa mwisho, herufi na tarakimu 64, inachapwa kwenye karatasi, inasainiwa na kuingia kwenye kabati la chuma. Mwenye kutaka kughushi itabidi aghushi seva na kabati pia.

Mjumbe mmoja wa kamati ameniuliza kwa nini situmii blokicheni, leja ya kidijitali ambayo nakala zake hutunzwa na wengi. Nimemjibu kwamba blokicheni inasaidia pale ambapo wengi wasioaminiana wanaandika kwenye leja moja. Hapa mwandishi ni mmoja, ofisi ya msajili. Kinachotakiwa ni kuweza kumkagua. Hakuonekana kuridhika, nadhani alishaandika neno hilo kwenye taarifa yake.

28 Februari

Uingizaji wa leja umeanza. Kwanza nilijaribu njia ya mkato: skana, halafu Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, isome. Kwa maandishi ya chapa inajitahidi, na ina modeli ya Kiswahili. Kwa mwandiko wa wahadhiri wa miaka ya tisini imenipa kitu kama dua ya kuomba mvua. Nimeiacha. Tunaandika kwa mkono, watu wawili tofauti kila ukurasa, hakuna kuchunguliana, kisha programu inalinganisha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na visanduku 480. Vilivyotofautiana ni 11. Vyote 11 tulirudi kwenye leja kuviangalia.

Kilichokula siku tatu ni ng'. Ndiyo, ile ng' ya ng'ombe. Chuo kina akina Nyang'oro na Mang'enya wa kutosha, na kila mwandishi ana kitone chake. Kibodi ya kompyuta inaweka kile kilichonyooka. Word inakigeuza kuwa kilichopinda bila kukuuliza. Simu fulani inaweka kinachoelekea upande mwingine, na mwandishi wetu mmoja alikuwa anatumia alama iliyo pembeni ya namba 1. Kwa jicho la binadamu ni jina moja. Kwa kompyuta ni watu wanne. Kwenye mfumo wa 2016 hali ni mbaya zaidi: kile kilichonyooka kinaivunja amri ya kutafuta, kwa sababu ndicho kinachofunga maneno kwenye SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, na aliyeuandika hakujihadhari. Ukitafuta Nyang'oro unapata ukurasa mweupe. Kumbe ndiyo maana baadhi ya wanafunzi walikuwa wakiambiwa "jina lako halimo kwenye mfumo".

Suluhisho: jina linahifadhiwa kama lilivyo kwenye cheti cha mwanafunzi, herufi kwa herufi. Pembeni yake kuna safu ya kutafutia tu, ambamo vitone vyote vimeondolewa na herufi zote ni ndogo. Safu hiyo haioneshwi kwa mtu yeyote. Mohamed, Mohamedi na Muhammad sijawaunganisha. Hao huenda kweli ni watu watatu, na kuwaunganisha kwa makisio ni kosa kubwa kuliko kumkosa mmoja kwenye utafutaji. Namba ya usajili ndiyo inayoamua.

19 Machi

Hii naiandika nikiwa bado nimekasirika.

Mhitimu wa zamani ameleta malalamiko ofisini, tukafungua rekodi yake. Skrini ya mfumo wa 2016 inasema GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zake, ni 4.40. Mstari wa chini yake unasema Daraja la Pili la Juu. Daraja la Kwanza linaanzia 4.4. Yaani skrini moja inajipinga yenyewe kwenye mistari miwili iliyofuatana, na hakuna aliyeshtuka kwa miaka.

Nimeingia kwenye kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe. Kanuni ya chuo chetu inasema GPA inakatwa kwenye desimali moja bila kukaribishwa, kwa hiyo 4.39 ni 4.3. Huyu ana krediti (uzito wa kozi) 360 na jumla ya pointi (krediti za kila kozi mara pointi za daraja lake) 1584. Gawanya: 4.4 kamili, hata kwa kalamu na karatasi. Lakini aliyeandika programu alichukua krediti za kila kozi, akazigawa kwa 360, akazidisha na pointi za daraja, kisha akajumlisha vipande hivyo kimoja kimoja. Kompyuta inahifadhi desimali kwa msingi wa mbili, na humo 0.1 haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho kwetu: 0.333 na kuendelea. Iambie karibu lugha yoyote ya programu ijumlishe 0.1 na 0.2, itakurudishia 0.30000000000000004. Vipande vya mhitimu wetu vilipojumlishwa vilitoa 4.3999 yenye tisa nyingi. Sehemu ya kodi inayoonesha ikakaribisha hadi desimali mbili: 4.40. Sehemu inayopanga madaraja ikakata: 4.3. Kila moja ilifanya ilichoambiwa.

Marekebisho ni ya darasa la saba. Pointi na krediti ni namba nzima, basi hesabu ibaki kwenye namba nzima: 1584 mara 10 ni 15840, gawa kwa 360 bila kujali baki, unapata 44. Nukta inawekwa wakati wa kuandika kwenye skrini tu, na maneno "Daraja la Kwanza" yanatokana na ile ile 44 inayooneshwa. Kuanzia leo ni sheria ya mradi: kinachooneshwa na kinachoamuliwa vitoke kwenye thamani moja.

Nimekokotoa upya wahitimu wote tangu 2016. Walioathirika ni watatu. Watatu ni wachache kwenye jedwali la tasnifu yangu. Mmoja wao aliniambia aliacha kuomba kazi ya uhadhiri msaidizi kwa sababu ya daraja lile.

12 Aprili

Idd imepita, pilau imeisha, narudi kazini.

Kanuni za madaraja zimebadilika mara mbili tangu chuo kianze, na mfumo wa 2016 unatumia ya sasa kwa kila mtu. Kwa hiyo ukimtazama mhitimu wa 1999 unaona daraja ambalo hakupewa. Nimetengeneza jedwali la kanuni, kila moja na tarehe ya kuanza na kuisha, na kila matokeo yanaelekeza kwenye kanuni yake. Kazi ya mchana mmoja. Kuzipata kanuni zenyewe ilikuwa wiki mbili. Moja ilikuwa nyuma ya fremu ya picha ofisini, imetumika kama kadibodi.

26 Aprili

Nusu ya pili: kuonesha. Nilichora ukurasa wa mwanafunzi kama transkripti, hati ya matokeo yote, ilivyo kwenye karatasi, jedwali la safu saba. Kwenye kompyuta yangu ulipendeza. Nikampa mwanafunzi wa mwaka wa pili simu yake mwenyewe, kioo chake kina ufa, nikamwambia aniambie anadaiwa nini. Akavuta jedwali kushoto, kulia, kushoto. Akafika kwenye madaraja, majina ya kozi yakawa yamejificha. Akavuta tena. Mwishowe akaiweka simu mezani akasema, "Kaka, mimi nataka kujua kama nina sapu."

Ndilo swali lao la kwanza, wote niliowajaribu. Nina sapu, yaani mtihani wa marudio? Nina keri, yaani kozi ya kubeba hadi mwaka ujao? Nimedisko, yaani nimeondolewa masomoni? GPA ni la pili. Ramani nzuri ya kozi niliyoichora kwa wiki nzima haikuulizwa na mtu.

Ben Shneiderman, mtafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1996 kwamba kwanza umuoneshe mtu sura ya jumla, kisha umuache akaribie na achuje, na undani aupate anapouomba. Nilikuwa nimeufundishwa ushauri huo na kuufanyia mtihani, kisha nikatengeneza ukurasa unaoanza na undani. Sasa mstari wa juu kabisa unasema kwa maneno: "Umefaulu kozi 11. Una mtihani wa marudio 1." Unaofuata unataja kozi na tarehe. Jedwali liko chini, kwa anayetaka.

Kwa msajili nilikuwa nimeweka chati za duara, moja kwa kila idara. Nimezitoa. Utafiti wa wanatakwimu Cleveland na McGill wa 1984 ulionesha kwamba jicho linalinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa kipimo kuliko pembe za duara, na nilipozijaribu chati zile, mwenyewe nilishindwa kusema idara ipi ina sapu nyingi kati ya mbili. Sasa ni nukta kwenye mstari, idara moja chini ya nyingine. Hazina mvuto wowote. Msajili alizitazama, akanyoosha kidole kwenye nukta iliyojitenga kulia, akasema, "Hawa wana nini?" Hilo ndilo swali nililotaka aulize.

Rangi nyekundu ya kufeli nayo haisimami peke yake tena, ina neno pembeni. Mashine ya kuchapa ya ofisi ni nyeusi na nyeupe, na kuna wasiotofautisha nyekundu na kijani.

14 Mei

Juzi Jumapili, tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima imekuwa ya kubahatisha. Kwa bahati mbaya au nzuri, wiki hii ndiyo nilipanga kujaribu uhakiki wa transkripti.

Mpango wa awali: msimbo wa QR kwenye karatasi unampeleka mwajiri kwenye ukurasa wetu, ukurasa unasema "halali". Jana na leo ukurasa haufunguki. Karatasi halali kabisa inaonekana ya kughushi kwa sababu waya umekatika chini ya bahari.

Kwa hiyo nimebadili. Msimbo wenyewe unabeba taarifa pamoja na saini ya kidijitali ya aina iitwayo Ed25519, ambayo ni baiti 64 tu. Programu ya simu ya mhakiki ina ufunguo wa wazi wa chuo, ule unaoweza kukagua saini lakini hauwezi kuitengeneza, inakagua saini hapo hapo, hata ukiwa Kilombero kusiko na mtandao. Nilianza kwa tamaa, nikaingiza kozi zote 40 ndani ya msimbo. Ukawa mkeka. Simu ya bei nafuu haikuusoma. Nimebakiza jina, namba ya usajili, shahada, mwaka, GPA na daraja. Udhaifu upo: transkripti iliyofutwa jana, simu isiyo na mtandao haitajua. Programu inasema wazi orodha ya zilizofutwa ni ya tarehe gani, mhakiki aamue.

Halafu likatokea ambalo sikulisoma popote. Nilipeleka nakala ofisini, zikarudi zimegongwa muhuri, na muhuri wa bluu umekaa juu ya msimbo. Mazoea: muhuri unagongwa palipo na kitu cha maana. QR inavumilia kuharibika, kiwango nilichochagua kinafidia takriban asilimia 25, kwa hiyo nyingi zilisomeka. Zilizogongwa kwenye moja ya ile miraba mitatu iliyo kwenye pembe za msimbo hazikusomeka kabisa, maana hapo ndipo simu inapotambua kwamba huu ni msimbo. Sikwenda kumfundisha mtu kugonga muhuri. Nimechora duara lenye maneno "Muhuri hapa" upande wa pili wa karatasi. Kila mkono umelitii.

11 Juni

Mkutano kuhusu nani aone nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kutumika tangu mwaka jana, na bado matokeo yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wapo waliosema namba ya usajili si jina. Darasani kila mtu anajua namba ya mwenzake. Ubao utaendelea hadi mwaka wa masomo uishe, kisha kila mtu simu yake. Mwajiri haoneshwi kozi mpaka mhitimu aruhusu. Nimeandika kila anayefungua rekodi ya mtu, na mwenye rekodi anaona orodha hiyo.

9 Julai

Mama wa masjala amekuja mwenyewe kuona. Nikamwekea ukurasa wa 2001, ile 47 iliyokatwa na 74 juu yake. Kwenye skrini pia imekatwa kwa mstari mmoja mwekundu, na ukiigusa inatoa sababu na majina. Akasogeza kiti karibu. "Saini yangu ya pili iko wapi?" Iko, nikamuonesha.

Akaniambia nifungue 2003. Akawa anateremka taratibu, kidole kwenye kioo, mpaka akasimama. "Huyu hakupata E."

Nikamwambia waandishi wote wawili waliandika E, programu ikaona wanakubaliana.

"Wamekubaliana kukosea. Hiyo ni B. Mwalimu huyu B yake haifungi. Halafu mtu wa E angekuwa na sapu Septemba, sapu yake iko wapi? Na kahitimu Novemba."

Nimekaa zaidi ya miezi minne na ulinganisho wa watu wawili nikiamini umeziba mianya, kumbe watu wawili wakisoma mwandiko ule ule mbaya wanasoma kosa lile lile. Hapo hapo nimeandika ombi kwa kanzidata: nipe kila aliyefeli kozi, asiyeonekana kwenye marudio, na aliyehitimu. Limerudisha mistari 17.

Marekebisho ya kwanza rasmi ya mfumo mpya yameingia saa 8:40 mchana, mwidhinishaji ni yeye, sababu ni "Mwandiko ulisomwa vibaya". Kumi na sita zimebaki. Ameenda kuchukua miwani.